Ami asema Kiswahili na historia sasa ni kazi ya simu, nibadilishe kozi?

SWALI

Assalaam alaykum khalati,

Natumai u mzima wewe na watu wako. Mi ni msichana wa miaka 19, niko Lamu, mtaa wa Langoni. Nilifanya mtihani wa fomu foo mwaka jana nikapata B, alhamdulillahi nyumbani walifurahi sana manake mi ndo wa kwanza kwetu kufika hapo. Nikaitwa chuo kikuu kusoma Kiswahili na historia, na ni kozi niliyoichagua mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Toka niko mdogo napenda hayo mambo, nikisikia wazee wanazungumza habari za zamani siwezi kuondoka, nakaa mpaka nafukuzwa nikalale.

Shida ni ami. Babangu ni mvuvi na mwaka huu bahari haikua nzuri, kwa hivo hata mkopo wa HELB, ule wa serikali wa wanafunzi, ukitoka bado kuna pengo, na wa kuliziba ni ami yangu ambaye yuko Mombasa ana biashara yake. Ni mtu mwema khalati, sitaki umfikirie vibaya, hata ada ya sekondari alilipa yeye. Sasa alikuja Idd, baada ya chakula wakawa wamekaa dakani, yeye na baba na wazee wawili majirani, mi nikaleta kahawa na halua akaniambia hebu kaa hapo. Akatoa simu. Akaiuliza ile AI, kwa Kiswahili, imwandikie historia ya mji wa Lamu. Wallahi sikua nimemaliza kumimina vikombe ishaandika kurasa mbili. Akawasomea wazee kwa sauti, wote wakawa wanatikisa vichwa, ajabu, ajabu. Kisha akanigeukia akasema, "Wewe wataka kukaa miaka minne usome kitu ambacho hiki kidude kimeshakisoma chote? Nani atakulipa?" Akasema nibadilishe nichukue kompyuta, au ile ya ununuzi na ugavi, na kama nitashikilia hii basi nitafute mwenyewe wa kunisomesha.

Nilinyamaza. Lakini kuna kitu kilinikaa. Ile simu iliandika kwamba Ngome yetu ilijengwa na Wareno, nami najua si Wareno, tulifunzwa shuleni na isitoshe kila siku napita hapo. Hakuna aliyesema neno. Mi nikaona haya kumsahihisha ami mbele ya watu.

La pili naona haya zaidi kulisema. Mi mwenyewe nimeitumia. Mwaka jana mwalimu alitupa insha, nilikua nimechoka, nikaazima simu ya kaka nikaiambia iniandikie kisha nikanakili kwa mkono wangu. Nikapata alama za juu kuliko siku zote na mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Nilijihisi kama nimevaa buibui la mtu mwingine halafu nasifiwa lilivyonikaa. Ndo sasa najiuliza, kama simu yaniandikia insha nzuri kuliko yangu, ami si ana haki?

Halafu kuna bibi yangu. Siku moja tulikua twaenda Matondoni kwa dau, mi niko juu darini najifunga, akaniita kutoka chini kwa Kiamu chetu cha Lamu, "Ndoo tini, mai yameyaa!", yaani njoo chini, maji yamejaa. Jioni yake nikaiandikia simu maneno yale yale nione itasema nini. Ikanifasiria kwamba ndoo iko chini na imejaa mayai. Nilicheka mpaka machozi. Nikaenda kumweleza bibi nikidhani naye atacheka, akanitazama akasema, "Basi huko mimi siyulikani," yaani sijulikani.

Khalati nafasi ya kubadilisha kozi inafungwa karibuni. Nifanye nini? Tafadhali usinijibu kunifurahisha tu, niambie ukweli.

Msichana wa Langoni

JIBU

Wa alaykum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiisoma nasimama palepale, kwenye kahawa. Wewe umeiandika kama jambo la pembeni, mistari miwili mitatu ukapita, lakini mi naona barua yote iko hapo. Wanaume wanne wazima wamekaa dakani, Ngome iko mwendo wa dakika chache kutoka walipo, na wale wazee bila shaka waikumbuka ilipokua jela, manake ilikua jela mpaka 1984. Simu ikawaambia imejengwa na Wareno na wote wakatikisa vichwa. Aliyejua alikua ameshika dele la kahawa.

Na ulijua sawa. Ngome ya Lamu ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, mwaka 1813 hivi, watu wa Lamu walipowashinda watu wa Pate, kisiwa jirani, na Wamazrui wa Mombasa halafu wakaogopa kwamba watarudiwa, wakaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman, na ikamalizika 1821. Wareno walitolewa Mombasa 1698. Kwa hivo ni zaidi ya miaka mia kabla ya jiwe la kwanza.

Kwa nini simu ikasema Wareno? Hizi mashine zimelishwa maandishi mengi mno, zikajifunza neno gani hufuata neno gani, na zikiandika ndivyo zinavyoandika, neno kwa neno, kwa kufuata yaliyozoeleka. Sasa kwenye maandishi ya dunia, ukisema ngome ya pwani ya Kenya watu wamekwisha kufikiria Fort Jesus, ambayo kweli Wareno waliianza 1593, imeandikwa na kuandikwa tena, vitabu, magazeti, matangazo ya watalii. Ya kwetu imeandikwa kidogo, na kwa Kiswahili kidogo zaidi. Nadhani ndipo ngome mbili zikawa moja. Haikusema uongo kama mtu anavyosema uongo, ilisema kilichozoeleka.

Lakini nisikilize vizuri hapa, hoja hii usimpelekee ami, usiende kumwambia AI ni bure kwa sababu imekosea. Atakushinda. Ataiuliza tena wiki ijayo, itajibu sawasawa, naye atakuonyesha. Haya makosa yanarekebishwa kila mwezi, hata ndoo na mayai ya bibi yako siku moja yatarekebishwa. Ukijenga maisha yako juu ya makosa ya mashine utakua umejenga juu ya mchanga wa Shela, kusi likija laupeleka. Mi kilichonisumbua si simu kukosea. Ni kwamba waliokaa pale hawakuona kwamba kuna kitu cha kuuliza.

Ngoja nikueleze kisa ili unielewe. Mi naishi Malindi sasa ingawa mamangu ni wa huko kwenu, na hapa kuna familia mbili, jamaa wenyewe kwa wenyewe, waligombania shamba la minazi mpaka hawaalikani harusi. Upande mmoja wana karatasi ya zamani, Kiarabu, mwaka 1310 wa Hijria, yaani 1892 au 1893 ya hizi za kawaida, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka, inakaa ndani ya kibati cha biskuti. Miaka yote hakuna aliyeweza kuisoma vizuri. Kijana wao akaipiga picha akaipa AI, ikamwambia ni hati ya mauzo ya shamba, fulani kamuuzia fulani kwa riale kadhaa. Basi! Furaha. Wakazunguka mtaa mzima na simu, babu yenu aliuza, oneni, babu yenu aliuza.

Na ilisoma sawa, hilo ndo nataka ulishike. Neno kuuza limo. Mi nilikuwepo siku walipomletea rafiki yangu mmoja ambaye alisoma historia, mama mtu mzima sasa, hana makuu. Akavaa miwani, akaiweka karatasi juu ya mto asiichane, akakaa nayo kama saa nzima hivi chai inapoa, hasemi. Kisha akauliza, "Huyu aliyeuza alihama?" Wakasema hapana, alikaa humo humo mpaka akafa, kaburi lake liko hapo. Akauliza tena, "Mbona bei ni ndogo hivi kwa shamba la ukubwa huu? Na mbona yasema anamlipa mwenzake kodi?" Kisha akaweka kidole juu ya neno moja, khiyari.

Manake zamani hizo mwanangu, pwani yote hii kuanzia Unguja kuja juu, mtu akitaka mkopo na riba ni haramu, walikua wana njia yao. Anamuuzia mwenye pesa shamba lake kwa bei ya khiyari, yaani mauzo ambayo muuzaji ana khiyari ya kurudisha pesa ndani ya muda waliopatana, na shamba lake linamrudia. Huku nyuma anaendelea kukaa humo na kulipa kodi, na hiyo kodi ndo faida ya mwenye pesa. Kwenye karatasi ni mauzo. Kwenye maisha ya watu ni mkopo. Mashamba mengi ya Malindi wakati ule yalikua na deni juu yake namna hii, na asiyejua hivyo ataona mauzo tu, awe mtu au mashine.

Sasa utaniambia, khalati kama yule kijana angeiuliza simu bei ya khiyari ni nini, si ingemweleza? Huenda ingemweleza, tena vizuri. Lakini hakuuliza, manake hakujua kwamba hapo kuna swali. Alitaka jibu akapata jibu. Yule mama alijua kuuliza kuhusu kaburi na kodi kwa sababu alishakaa miaka na karatasi za watu waliokufa, akajifunza kwamba maneno ya zamani yamevaa nguo zetu lakini si watu wetu. Hiyo ndo kozi yako. Ukiniuliza humo watu wanasomea nini, nitakwambia wanasomea kile kidole kilichosimama kwenye khiyari.

Zile familia, ukitaka kujua, bado hawajamaliza. Ila swali lao limebadilika, sio tena babu yenu aliuza au hakuuza, ni je alilipa ule mkopo kabla ya muda kwisha, na kwa hilo lazima karatasi nyingine ipatikane. Wanaitafuta, na safari hii wanafunguliana masanduku pande zote mbili.

Turudi kwenye buibui. Maneno yako yale yalinigusa sana mwanangu, na nataka uyaamini kuliko unavyoziamini alama ulizopata. Insha ya fomu foo, nani anaihitaji? Mwalimu ana mia za kusahihisha, dunia haina uhaba wa insha. Mwalimu alikupa insha ili wewe ukae na kitu kichwani ukigeuze mpaka kikae sawa, na hilo siku hiyo halikutokea, ulinakili tu. Simu ilipata mazoezi? Hapana. Wewe ulipata? Hapana. Alama zilikwenda kwa nani basi? Ndo maana ulijihisi vile. Kuna watu wanaitumia kila siku na hawajihisi chochote, hao ndo nawaogopea, wewe sikuogopei. Lakini ukifika chuoni utaikuta kila mahali, rafiki zako watakuambia wewe wajisumbua nini, na ukiipa isome badala yako na iandike badala yako kwa miaka minne basi ami atakua amesema kweli kabisa, utatoka na karatasi na kichwa kile kile ulichoingia nacho, na hapo mi siwezi kukutetea.

Chukua mfano wa kwetu. Mwana Kupona binti Msham aliandika utenzi wake 1858, mgonjwa, amuusia binti yake namna ya kuishi, na haukupita muda mrefu akafa. Leo ukiiambia AI ikupe beti mia za wosia kwa binti itakupa kabla chai haijachemka. Lakini ule wa Mwana Kupona ni wosia kwa sababu kuna mama anayejua anakwenda na kuna mtoto anayebaki. Unaweza kubishana naye, mi kuna beti zake nabishana nazo mpaka leo hasa yale ya mke na mume, lakini nabishana na mtu. Alisimama nyuma ya neno lake. Mashine haina binti, haina cha kupoteza ikikosea, na ikikosea hakuna wa kumshika. New York mwaka 2023 mawakili wawili walipeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, majina na namba kamili, na faini ya dola 5,000 walipigwa wao na ofisi yao. Simu haikuitwa kizimbani.

Na bibi. "Basi huko mimi siyulikani." Niliposoma hapo niliweka simu chini nikatoka uani kidogo.

Bibi yako amesema jambo kubwa kuliko sisi wote tulioandika kuhusu AI. Mashine inajua kilichoandikwa. Kiamu kinasemwa kila siku, Langoni, Mkomani, Matondoni, lakini kilichoandikwa ni tone, na kingi ya hicho kiko kwa khati za Kiarabu ndani ya masanduku ya watu, kinaliwa na mchwa na chumvi. Za Riyadha, ule msikiti wa Habib Swaleh, angalau zilipigwa picha kupitia mradi wa maktaba ya taifa ya Uingereza na ziko mtandaoni mtu yeyote anaangalia. Za majumbani je? Hesabu ya Nairuzi, kalenda ambayo mabaharia wanaihesabu kwa miongo ya siku kumi kumi, majina ya miamba na mikondo ambayo babako anayo kichwani, mashairi ya harusi ambayo bibi akiyaimba wewe waelewa nusu? Hayo AI haiwezi kuyajua mpaka mtu aketi nayo, aulize, aandike, aeleze nani kasema na kwa nini na kwa wakati gani. Na asiwe mtu wa kuja wiki mbili akaondoka. Wewe wakijua Kiamu kwa maziwa ya mama, na kama ulipita madrasa, ambayo nadhani ulipita, tayari harufi za Kiarabu wazijua. Mwanangu, wako wenye digrii kubwa za Kiswahili hawawezi kusoma mstari mmoja wa khati za Kiswahili za zamani. Wewe uko nusu ya safari na hujui.

Haya, pesa. Umeniambia nisikufurahishe, na ami kauliza nani atakulipa, ni swali la haki, mtu anayetoa jasho lake ana haki kuuliza. Ukweli ni kwamba digrii ya sanaa peke yake haikupi kazi mlangoni. Wako waliosoma ualimu wanangoja TSC, tume inayoajiri walimu, miaka. Kama nia yako ni kufundisha, angalia leo hii kwenye barua ya chuo kama kozi yako ni ya elimu au ni BA tupu, manake kwa BA tupu TSC haikusajili kuwa mwalimu mpaka uongeze diploma ya elimu baadaye, na hilo ni pesa na muda mwingine. Hili usilipuuze, wengi wamelijua mwaka wa nne.

Lakini mwambie ami naye aangalie upande wake. Moja ya kazi ambazo hizi mashine zinazifanya vizuri kabisa ni kuandika programu za kompyuta. Ile ile simu aliyowasomea wazee, angeiambia imtengenezee programu ya kuhesabu mali ya duka lake ingeandika. Na hati za ununuzi, barua za zabuni, hizo ndo chakula chake. Kwa hivo kama sababu ya kuacha historia ni kwamba AI inaiweza, basi kwa sababu hiyo hiyo kompyuta na ugavi nazo ziachwe, tubaki wapi? Sikwambii kompyuta ni mbaya, anayeipenda aende akaisome vizuri na atafanikiwa inshallah. Nasema huwezi kuikimbia hii kitu kwa kubadilisha kozi. Iko huko pia inakungoja.

Na usidhani kwamba haya mambo ya utamaduni hayana uzito penye pesa. Ami akumbuke ile kesi ya wavuvi wa Lamu na bandari mpya. Mahakama Kuu 2018 ilisema wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76, na kati ya haki ambayo mahakama ilisema imevunjwa ni haki ya watu wa Lamu ya utamaduni wao. Mwaka uliofuata, 2019, leseni ya mazingira ya kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotaka kujengwa Lamu ikafutwa na baraza la rufaa la mazingira kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Ili mahakama ielewe kwamba kisiwa kina utamaduni wa kupotezwa lazima mtu aueleze kwa lugha ya ushahidi, aonyeshe watu walivua wapi na tangu lini, mji ulijengwaje, UNESCO waliuorodhesha 2001 kwa sababu gani. Babako mvuvi anajua yote hayo kwa mikono yake. Nani atayasimamisha kwenye karatasi mbele ya jaji, na akihojiwa na wakili wa upande wa pili asitikisike?

Na hata hiyo AI yenyewe, kuna maswali yake ambayo haitajiuliza. Januari 2023 iliripotiwa kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha, ya mateso na ubakaji, siku nzima, ili mashine ifunzwe isiseme hayo, na baadhi yao wakaugua akilini. Ni haki? Nani aliwauliza? Sauti ya nani imeingia kwenye mashine na ya nani imeachwa nje? Hayo hayatatuliwi na programu, ni falsafa na historia na lugha, na nataka watoto wa pwani wawemo wakati yanajadiliwa.

Basi fanya hivi. Kozi usibadilishe, ila hakikisha ile habari ya elimu au BA niliyokwambia. Ukiwa huko, chukua na masomo ya kompyuta kidogo kidogo, kupiga picha hati, kuziorodhesha, kuzihifadhi, na hiyo AI jifunze kuitumia kama unavyomtumia mtoto wa mtaani mwenye mbio, unamtuma lakini akirudi unahesabu chenji. Khati za zamani tafuta ustadhi akufunze likizo, usingoje chuo.

Na ami, usimwandikie meseji. Mpigie, umuombe akija tena mkae nyinyi wawili na baba tu, pasiwe na mgeni, usimvunjie heshima. Mshukuru kwanza kwa yote aliyokulipia, umshukuru kwa kweli manake anastahili. Kisha mwambie lile la Ngome. Mwambie polepole, "Ami, siku ile ilisema Wareno, nami nilijua si Wareno nikaona haya." Usiongeze kitu, mwache akae nalo. Halafu mwambie kuhusu BA na elimu, aone kwamba umelifikiria jambo la pesa na hutaki kumtwika mzigo bure. Akikataa bado, niandikie haraka kabla nafasi haijafungwa, tuangalie pamoja habari za basari ya kaunti na ya eneo bunge.

Ila kabla ya ami, usiku wa leo, chukua daftari, la karatasi, kaa na bibi. Mwambie akwambie tena siku ile ya dau, alikuitaje, na maji yakijaa na yakitoka yana majina gani mengine. Andika kama anavyosema yeye, mai ni mai, usimsahihishe. Ukurasa wa kwanza andika jina lake kamili na la mamake.